Mota inachoka kwenye mninga, ninunue kubwa zaidi?

SWALI

Shikamoo mzee.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyasaka hapa Mwanza. Jioni na siku za Jumamosi nafanya useremala nyumbani kwangu, kwenye banda la mabati nililojenga nyuma ya nyumba. Natengeneza vitanda, viti, makabati ya vyombo, na mara mojamoja fremu za milango. Sasa hivi nimepokea oda ya vitanda vinne vya mninga, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Msumeno wangu wa meza niliuunda mwenyewe miaka minne iliyopita. Fremu ni ya chuma, meza ni ya plaiwudi, mota ni ya HP 1.5 niliyoitoa kwenye pampu ya maji. Bledi ni ya inchi 10, meno 60, nimeifunga moja kwa moja kwenye shafti ya mota, haipandi wala haishuki. Kiongozi cha kuegemeza mbao ni pao la mninga ninalolibana mezani kwa klampu mbili.

Kwa paini kutoka Rubya au Buhindi sina shida nao. Nikiweka mninga wa inchi mbili, mota inanguruma, inapunguza kasi, mbao inatoa moshi na weusi unabaki kwenye kipande cha upande wa kiongozi tu. Umeme nimeuvuta kutoka ndani ya nyumba kwa waya wa milimita 1.5, kama mita 35. Nikiwasha mashine, taa ya bandani inafifia, ingawa mke wangu anasema za ndani ziko vilevile. Tena wiki iliyopita ubao wa mkongo ulirudi nyuma ghafla ukatoboa bati la ukuta. Nashukuru Mungu mpwa wangu wa kidato cha pili, ambaye huwa anasimama hapo kunishikia mkia wa ubao, nilikuwa nimemtuma dukani kununua gundi.

Nimeweka akiba ya shilingi milioni mbili na laki nne. Kuna muuzaji Dar es Salaam ana msumeno wa meza uliotumika, anasema umetoka Ulaya, HP 3, umeme wa njia tatu, meza ya chuma cha kutupwa. Fundi jirani ananiambia niachane na gharama hizo, ninunue mota ya HP 3 tu niifunge kwenye fremu yangu. Nimeona pia kwenye video mashine ya Marekani inayosimama yenyewe ikigusa ngozi ya mtu, nikatamani. Mke wangu yeye anasema fedha hiyo tumalizie mabati ya vyumba viwili kabla mvua hazijaanza.

Mzee, nifuate lipi?

Mwalimu seremala, Nyasaka

JIBU

Marahaba, mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mota umeielezea kwa kirefu, mashine ya Dar umeielezea, mpaka video umeitaja. Ubao uliotoboa bati umeupa sentensi moja na shukrani kwa Mungu, halafu ukapita. Mimi nitaanza na huo ubao, na kama utanisikiliza kwa jambo moja tu, nisikilize kwa hili.

Chukua futi, nenda bandani, pima lile tundu liko kimo gani kutoka sakafuni. Halafu mwite mpwa wako asimame pale anaposimama siku zote, uangalie tundu linamkuta wapi mwilini. Huhitaji kumwambia neno. Ukimaliza, rudi usome yanayofuata.

Bledi inapozunguka, meno ya mbele, yale yanayokutazama wewe, yanashuka kuingia mezani, na kwa hiyo yanaukandamiza ubao chini. Meno ya nyuma yanafanya kinyume, yanapanda kutoka mezani. Ubao ukiyabana yale ya nyuma, yanauinua, yanaupandisha juu ya bledi na kuutupa kule alikosimama anayesukuma. Kwa nini ubane? Mti unapokua na unapokauka hufungia nguvu ndani yake, na ukiupasua nguvu hizo zinafunguka. Wakati mwingine vipande viwili vinaachana, wakati mwingine vinakutana na kuishika bledi kama koleo. Mkongo na mninga vinaweza kukufanyia hivyo bila kukuonya.

Nimekupigia hesabu ya mashine yako. Bledi ya inchi 10 mzingo wake unakaribia sentimita 80. Mota ya pampu ya aina hiyo kwa umeme wetu huzunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Ncha ya jino basi inakwenda mita 38 kwa sekunde, sawa na kilomita 136 kwa saa, mwendo ambao hakuna basi la Shinyanga linaloruhusiwa kuukaribia. Ubao wako wa mkongo ulirushwa na kitu chenye mwendo huo.

Nikiwa kijana kwenye karakana moja pale Igogo, ubao wa mvule ulimpiga mwenzangu chini ya mbavu. Haukuwa mkubwa, ulikuwa upao wa kutosha mguu wa stuli. Alikaa chini taratibu, ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatutazama bila kutoa sauti. Alipona, lakini mpaka leo sijamsahau alivyokuwa anatafuta pumzi. Mashine ile nayo haikuwa na kisu nyuma ya bledi.

Kisu hicho ndicho cha kwanza kutengeneza. Ni bamba la chuma linalosimama wima nyuma ya bledi, kwenye mstari uleule, ili vipande viwili vikitaka kukutana vibane chuma kilichotulia badala ya meno yanayopanda. Unene wake una kanuni: kiwe kinene kuliko mwili wa bledi na chembamba kuliko njia ambayo meno yanakata. Kama bledi yako inakata milimita 3 na mwili wake ni milimita 2, kisu kiwe milimita 2.5. Kutoka kwenye ncha za meno mpaka kisu iwe milimita 3 hadi 8, kisizidi hapo, na kifuate mviringo wa bledi. Kichwa chake kiwe chini kidogo ya kilele cha bledi. Kwa kuwa bledi yako haipandi wala haishuki, kazi imekuwa rahisi: mchomeleaji yeyote wa Nyakato atakukatia bamba, atakuchomelea kipande cha chuma cha pembe kwenye fremu, wewe ukifunge kwa bolti mbili zenye nafasi ya kurekebisha. Kingo za mbele zipige tupa ziwe laini, mbao isikwame. Kikae sawasawa na bledi. Kikipinda kidogo tu kitaisukuma mbao kuelekea kwenye kiongozi na utakuwa umejiletea tatizo jingine.

Mpwa wako asisimame tena nyuma yako wala kwa mbele kuvuta. Anayevuta ubao kutoka upande wa pili hajui wewe unasukuma kwa nguvu gani, akiupindisha kidogo tu bledi inabanwa. Tengeneza meza ya kupokelea, urefu wa mita moja au zaidi, kimo kilekile na meza ya msumeno, na stendi nyingine upande wako ya kubeba mkia wa ubao mrefu. Meza hazichoki wala hazigeuki kuangalia nani kapita njiani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi hatarishi. Najua humwajiri, unamfundisha, na ni jambo jema mjomba kumfundisha mpwa. Mfundishe randa, patasi, kupiga msasa, kupima na kuchora viungo. Hayo yatamchukua miaka miwili mizima akiyafanya vizuri.

Na wewe mwenyewe simama kando ya mstari wa bledi, na kwa vipande vyembamba tumia kijiti cha kusukumia.

Sasa tuje kwenye moshi. Umesema weusi uko upande wa kiongozi tu. Maneno hayo yamenisaidia kuliko HP zote ulizoandika. Mota dhaifu au bledi butu huchoma pande zote mbili. Weusi wa upande mmoja maana yake kiongozi chako kimebana kwa nyuma, kinaisukuma mbao kwenye meno yanayopanda. Na hapo hapo umeshapata sababu nyingine ya ubao kurudi.

Mimi nakikagua hivi. Chomoa waya ukutani, si kuzima swichi tu. Weka alama ya chaki kwenye jino moja. Chukua kijiti kilichonyooka, ukifunge skrubu kwenye ncha, kisha kiegemeze kwenye kiongozi kwa namna ambayo skrubu inaelekea bledi. Zungusha bledi kwa mkono, jino la chaki lije mbele, na ukaze au ulegeze skrubu mpaka jino liiguse kidogo tu. Utasikia mkwaruzo mwembamba, kama ukucha unaopita kwenye kioo. Sasa izungushe bledi mpaka jino lilelile lifike nyuma, usogeze kijiti huko, na usikilize. Sauti ikiwa ileile, kiongozi kiko sambamba. Jino likigonga skrubu na kuisukuma, kiongozi kimebana nyuma. Lisipogusa kabisa, kimeachia. Kuachia kwa unene wa karatasi mbili si neno. Kubana hata kwa karatasi moja usikubali. Ni lazima utumie jino lilelile mbele na nyuma, kwa sababu meno ya bledi moja huwa hayalingani.

Najua unapima kwa futi kutoka ukingo wa plaiwudi, wengi tunaanza hivyo. Ukingo wa plaiwudi haujui bledi imekaa vipi. Na pao la mninga nalo hupinda msimu wa mvua. Nunua bomba la chuma la pembe nne lililonyooka, lifanye kiongozi, ulibane mbele na nyuma baada ya kusikiliza skrubu.

Bledi nayo haifai kwa kazi unayoipa. Meno 60 ni ya kukata kwa kukingama, yanatoa ncha safi. Kupasua mninga wa inchi mbili kwa urefu kunataka meno 24 yenye nafasi kubwa katikati, unga upate mahali pa kukaa mpaka utoke. Kwenye meno 60 unga unajaa, unasugua, unawaka. Nunua ya meno 24 ya kabaidi, hiyo ya 60 iweke kwa kazi yake. Ukiwa umepasua paini, ivue uioshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na mswaki wa zamani, maana utomvu ukikauka juu ya jino unafanya bledi kali iwe kama butu. Siku ukipewa mvule uangalie kwanza: ndani yake mara nyingine kuna mawe meupe ya chokaa yanayong'oa jino la kabaidi.

Umeme ndio umenifurahisha, kwa sababu mkeo amekwisha kukupa jibu bila ninyi kujua. Taa ya bandani inafifia, za ndani hazififii. Tatizo lingekuwa kwenye laini ya Tanesco, nyumba nzima ingefifia. Volti zinapotea kwenye zile mita 35 za waya mwembamba. Mota yako ikishika mwendo inakula kama ampia 8, na waya huo unaila volti 7 hivi. Wakati wa kuwasha inavuta mara tano au sita zaidi, na volti karibu 40 zinaishia njiani. Sasa fuata ushauri wa jirani yako, ufunge HP 3 kwenye waya huohuo: wakati wa kuwasha utapoteza volti karibu 70. Kwenye 230 utabaki na 160, na kama ni saa ambayo mtaa mzima umewasha majiko na pasi, hata hizo hupati. Mota itanguruma bila kuzunguka, kapasita itapasuka au waya utayeyuka ndani ya ukuta wa nyumba unayolala na watoto. Vuta waya wa milimita 4 wenye ethi, kutoka kwenye mita moja kwa moja mpaka bandani, ukiwa na sakiti breka yake peke yake, na kazi hiyo umpe fundi umeme mwenye leseni. Usishangae mota yako ileile ya HP 1.5 ikawa kama umeibadilisha.

Fundi huyo huyo akufungie swichi ya kontakta yenye ovalodi, yaani kinga inayoizima mota ikizidiwa. Hii nakuomba sana. Umeme wetu unakatika. Unakatika ukiwa katikati ya ubao, unauacha hapo, unaingia ndani kunywa maji, mtoto anaingia bandani kuchukua mpira wake, na umeme unarudi. Swichi ya kawaida itaiwasha mashine yenyewe. Yenye kontakta inabaki imezima mpaka mtu abonyeze.

Vumbi nalo usilidharau, maana banda lako limefungwa kwa mabati pande zote. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vaa barakoa, na fungua upande mmoja wa banda.

Mashine ya Dar sikushauri. Si kwamba ni mbaya, huenda ni chuma kizuri kuliko vyote tulivyonavyo Mwanza. Lakini umeme wa njia tatu ni maombi mengine na gharama nyingine, na kama nguzo za mtaa wenu hazina laini ya njia tatu, mashine itakaa imefunikwa turubai. Kama moyo umeishika, muombe muuzaji akupigie picha kibati cha mota. Kikisomeka volti 230/400, kuna kifaa kinachoitwa invata kinachoweza kuiendesha kwa umeme wa njia moja wa nyumbani. Kikisomeka 400/690, achana nayo. Kisome pia kama ni hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde; mota ya hezi 60 kwa umeme wetu inazunguka pungufu kwa moja ya sita na kupata joto. Mwulize tundu la bledi ni la milimita ngapi. Mashine za Ulaya ni 30, za Marekani ni 15.88, nyingi za China ni 25.4. Kabla hujatuma hata shilingi, zunguka maduka ya mjini uone kama bledi ya tundu hilo inapatikana, kwa sababu kutanua tundu kwa tupa ni kuharibu bledi na kujiua. Na usinunue kwa simu. Mwenye kuuza aiwashe mbele ya mtu unayemwamini, sarafu ya mia mbili ikiwa imesimamishwa kwa ukingo juu ya meza. Ikianguka mashine inapowaka, beringi au shafti ina kasoro.

Ile ya kwenye video inaitwa SawStop, na ni kweli inafanya kazi. Bledi yake inapitisha mkondo mdogo wa umeme, mwili wa mtu ukiigusa mkondo unabadilika, na kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno na kuisimamisha kwa muda usiofika sekunde moja ukiigawa mara mia mbili. Kila ikifanya hivyo, kile kipande lazima kibadilishwe na bledi mara nyingi inaharibika. Mbao mbichi inaweza kuidanganya. Lakini zaidi ya yote, kifaa hicho hakizuii ubao kurudi. Kazi hiyo hata kwenye mashine ile inafanywa na kisu nyuma ya bledi, kama hicho utakachotengeneza Nyakato.

Kwa hiyo mfuate mkeo. Kisu, kiongozi cha chuma, bledi ya meno 24, waya na swichi, vyote pamoja sidhani kama vitafika nusu ya akiba yako. Inayobaki pandisha mabati ya vyumba viwili. Baadaye, oda zikikua, weka tena akiba ununue msumeno wa meza wa HP 2 wa njia moja, wenye bledi inayopanda na kushuka, kiongozi kinachojibana sambamba, na kisu kilichotoka nao kiwandani. Hapo waya wa milimita 4 utakuwa tayari unausubiri.

Na hiyo oda ya vitanda vinne usiicheleweshe kwa ajili yangu. Mninga wote upeleke ukapasuliwe kwenye mashine kubwa ya mtaani kwa vipimo vyako, ukiongeza milimita 5 za kuranda. Mwambie mpwa wako aje akusaidie kuranda.